Usiilete sauti ya ukumbini chumbani: gitaa la umeme kwenye nyumba ya kupanga

Mlango uligongwa saa sita mchana, tena si kwa kiganja, kwa funguo. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, gitaa pajani, ampu, yaani amplifaya, ya wati 50 imesimama sakafuni karibu na vidole vya miguu, na nilikuwa naamini kabisa kwamba napiga taratibu. Nobu ya sauti ilikuwa kwenye moja. Nikafungua, nikamkuta jirani wa chumba cha pili, nesi, kitenge kimefungwa kifuani, macho mekundu kwa zamu ya usiku.

"Kaka yangu," akasema, "hilo dude lako linaimbia ndani ya mto wangu."

Nikaomba radhi, nikazima. Aibu ilikuwepo, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba sauti iliyomwamsha mama wa watu haikuwa hata nzuri. Ilikuwa nyembamba na kavu, kama redio ya mkulima ambayo betri zimeanikwa juani mara ya tatu. Jumapili kanisani, ampu hiyohiyo na gitaa hilohilo, watu wanageuza shingo kutazama nani anapiga solo. Chumbani, nzi ndani ya chupa.

Nimepanga Mabatini, hapa Mwanza, na jina la mtaa linajieleza lenyewe. Juu ni bati, halafu kuta zinazotenganisha vyumba zinaishia usawa wa kenchi. Silingi bodi hakuna. Jirani akikaanga dagaa unajua ameweka limau au hajaweka. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa ni ya mtu aliyelazimika, si ya mtu mwenye studio Capri Point kwa wenye nazo.

Kosa langu kubwa lilikuwa alama za kalamu. Nilikuwa nimechora alama kwenye kila nobu ya ampu ili nikifika kanisani nisihangaike: besi hapa, trebo hapa, sauti za kati hapa. Nikirudi nyumbani naacha alama zilezile, nashusha sauti tu, halafu nashangaa mbona gitaa limekufa. Sikio la binadamu halifanyi kazi hivyo. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, watafiti wa maabara za Bell kule Marekani, walichapisha vipimo vinavyoonyesha kwamba sauti ikishuka, sikio halipunguzi kila kitu sawasawa. Besi inapotea kwanza, na trebo ya juu kabisa inafifia, ila sauti za kati zinabaki zimesimama. Ule mtetemo wa kifuani wa kanisani haukuwa kwenye nobu ya besi. Ulikuwa kwenye ukubwa wa sauti.

Basi ukisikia hivyo unakimbilia kuongeza besi. Na mimi nilikimbilia. Tatizo ni kwamba besi ndiyo inayopita ukutani kuliko kitu kingine chochote. Trebo ikigonga tofali inarudi kwako mwenyewe, besi inaingia kwa nesi. Kwa hiyo kila nilipojaribu kurudisha utamu upande wangu, nilikuwa namwongezea yeye ngurumo bila utamu wowote. Nilikaa na hesabu hiyo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Jibu nililipata kwa bahati, siku nilipodeki chumba. Niliipandisha ampu juu ya kiti cha plastiki ili sakafu ikauke, na kwa uvivu nikapiga ikiwa hukohuko juu. Nilishtuka. Gitaa lilikuwa limefunguka, kila uzi unasikika, na sijagusa nobu hata moja. Sababu ni rahisi ukiijua. Trebo ya spika ya gitaa inakwenda mbele moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Ampu ikiwa sakafuni, tochi hiyo inamulika magoti yako, na wewe kichwani unapata mabaki tu, kwa hiyo unaongeza trebo, na unaongeza sauti. Sakafu na kona ya ukuta nazo zinaikuza besi, tena aina ile ya kuvimba isiyo na umbo. Ukiinyanyua mpaka usawa wa sikio, au ukiiegemeza nyuma ikutazame usoni, unasikia sauti kamili kwa kiasi kidogo.

Sasa ongeza ukaribu. Mimi leo nakaa kama hatua moja tu kutoka kwenye spika, na ndiyo maana naweza kupiga chini kuliko maongezi ya wapangaji wanaopita koridoni. Mahali pa wazi, kila ukiongeza umbali mara mbili unapoteza desibeli 6 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ndani ya chumba hupotezi nyingi hivyo, lakini hesabu bado iko upande wako: wewe uko karibu, jirani yuko mbali. Chini ya ampu nimeweka kipande cha sponji ya godoro, nilikipata bure kwa fundi wa makochi, ili mtikisiko usishuke kwenye kiti na sakafu. Sponji hiyo imenisaidia kuliko khanga zote nilizowahi kutundika ukutani. Khanga, mkeka na pazia zito zinapunguza ule mwangwi mkali wa sementi, ni kweli, na chumba kinapendeza. Kwa jirani hazizuii kitu. Sauti inapita juu ya ukuta, chini ya bati, inamwangukia kitandani. Usidanganywe na trei za mayai ambazo watu wanabandika ukutani.

Ushauri utakaopewa na kila mtu ni kwamba ununue ampu ndogo ya vali ya wati 5, zile zenye vioo vinavyowaka kama kibatari kwa nyuma, eti utaibana mpaka iungurume vizuri bila kusumbua mtu. Nakuomba uangalie tarakimu kwanza. Kutoka wati 50 kwenda wati 5 ni kushuka desibeli 10, na kwa sikio hiyo ni kama nusu ya sauti, basi. Spika ya gitaa ya inchi 12 mara nyingi inatoa desibeli 97 hadi 100 kwa wati moja tu, ukisimama mita moja mbele yake. Watu wawili wakizungumza kawaida ni kama desibeli 60. Wati 5 zikibanwa ndani ya chumba cha Mabatini, mwenye nyumba atakurudishia kodi yako. Kama unayo ampu ndogo, itumie, ni nyepesi kubeba kwenye daladala. Kuinunua ili upate amani na majirani ni kupoteza hela.

Na kwa kuwa nimetaja vali, nikwambie kosa langu jingine. Katika kutafuta ukimya niliwahi kuchomoa waya wa spika, nikifikiri ampu itabaki inafanya kazi nami nisikilize kwa hedifoni kupitia tundu la nyuma. Ampu ya vali haiwashwi bila spika. Umeme unaotakiwa kwenda kwenye spika unakosa pa kwenda, na transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua. Yangu iliungua. Harufu ile, kama plastiki na sukari vimeunguzwa pamoja, naijua mpaka leo.

Fundi wa redio aliyeisuka upya ile transfoma ndiye aliyenipa dawa ninayoitumia mpaka sasa. Nilimlalamikia kwamba nobu ya masta ya ampu yangu, ile ya sauti yote ya mwisho, kati ya kimya na kelele, pana unene wa ukucha tu. Ukigusa hivi haisikiki, ukigusa tena nesi kaamka. Akacheka, akaniuliza, "Nyuma ina matundu ya kupitishia efekti?" Yalikuwepo, moja la kutoa sauti kwenda kwenye vifaa vya kuipamba, jingine la kuirudisha. Akachukua kikopo cha bati, akatoboa matundu mawili ya jeki, katikati akafunga kile kinobu cha kuzungusha cha kupunguza sauti, ambacho mafundi wanakiita volyumu tu, cha kilo-omu 100. Sauti inatoka kwenye ampu, inapita kwenye kikopo, inarudi. Sasa masta naiweka kwenye tatu au nne ambako inazunguka kwa ulaini, na kipimo halisi kinafanywa na kikopo. Naweza kushusha mpaka pale ambapo feni ya mezani inanishinda.

Zingatia mambo mawili hapo. Kikopo hicho usikiweke kati ya gitaa na ampu, maana huko utakuwa unapunguza geini, ile nguvu ya mwanzo inayofanya ampu ikwaruze, na kubadilisha tabia ya sauti yenyewe. Na kama ampu yako ina nobu ya kuchanganya kiasi cha efekti, huenda mtindo huu usifanye kazi vizuri, kwa sababu sehemu ya sauti inapita pembeni bila kupitia kwenye kikopo.

Kuhusu geini: punguza. Najua inaonekana kinyume, kwa sababu sauti ikiwa chini noti zinakufa haraka, na mkono unakwenda wenyewe kwenye geini kuzirefusha. Ukumbini noti inadumu kwa kuwa spika inautikisa uzi wa gitaa tena, unakuwa kama mazungumzo. Chumbani mazungumzo hayo hayapo. Geini nyingi inakupa mvumo wa nyuki na matope, noti inabaki fupi vilevile. Pedali ya kompresa, ile inayosawazisha noti kubwa na ndogo, iliyowekwa kidogo tu, inafanya kazi hiyo kwa ustaarabu zaidi, na mwangwi kidogo nyuma yake unakipa chumba upana ambao hakina.

Hapa sisi tunaopiga dansi na rumba tuna bahati ambayo watu wa roki hawana. Solo yetu ni safi. Haihitaji ampu iungurume ndiyo iwe tamu, inahitaji kidole kiwe wazi na noti zifuatane kama shanga. Mbaraka Mwinshehe, gwiji wetu wa gitaa la solo, hakutufundisha kelele. Kama nafanya mazoezi ya sebene natumia pikapu (kinasa mlio wa nyuzi) ya karibu na daraja la gitaa, sauti za kati nimepandisha hadi saba, besi nimeshusha hadi tatu, na nesi halalamiki kwa sababu kinachomfikia ni kitu kidogo kama redio ya mtu mwingine mbali.

Kuna kitu kimoja kilichonisumbua ambacho sijamsikia mtu akikisema. Ukipiga chini kabisa, unasikia nyuzi zenyewe, ule mlio wa chuma usiopita kwenye umeme, chwi-chwi-chwi ya piki, na unachanganyika na sauti ya spika. Unadhani ampu ina trebo nyingi, unaipunguza, kumbe unapunguza kitu kisichokuwa na kosa. Nilikigundua nilipoweka simu mbele ya spika nikajirekodi. Kwenye rekodi gitaa lilikuwa limeziba kama linapigwa ndani ya gunia. Tangu hapo narekebisha nobu kwa kusikiliza rekodi ya simu, halafu najizoesha kuipuuza ile chwi-chwi.

Mvumo wa umeme nao unajitokeza zaidi chumbani, kwa kuwa hakuna kwaya ya kuufunika. Ukigusa nyuzi mvumo ukapungua, hilo ni la kawaida kwa magitaa mengi, lakini soketi yako ikaguliwe kama ina ethi ya kweli. Nyumba nyingi za kupanga zina soketi ya matundu matatu na tundu la ethi halijaunganishwa na kitu. Na kwa Mwanza hii ya mawe, kuchimbia fimbo ya ethi mlimani ni kazi ambayo mafundi wengine wanairuka. Ukiguswa na umeme hata kidogo kwenye nyuzi, acha hapohapo, tafuta fundi umeme. Usikate pini ya ethi ya plagi ili mvumo uishe. Heri mvumo.

Hedifoni zinafaa, ila si kwa kuchomeka popote. Spika ya gitaa huanza kuzikata sauti za juu sana karibu na kilohezi 5, na hedifoni hazizikati, kwa hiyo distosheni, yaani sauti ya kukwaruza, inayopita moja kwa moja inasikika kama mbu. Tafuta kifaa au programu yenye kuiga spika. Mimi nazitumia baada ya saa nne usiku tu, maana nikizivaa muda mrefu nasahau mkono wangu wa kulia unapiga kwa nguvu kiasi gani, na Jumapili najikuta nakwaruza.

Mvua ikianza kupiga bati, wapangaji wote hatusikilizani, na mtu angeweza kufungua ampu mpaka mwisho bila ugomvi. Nimeshajaribu. Lakini mvua za ziwa hili zinakuja na radi zake, mara nyingi usiku wa manane au alfajiri, na ikisikika ya kwanza upande wa ziwa mimi nachomoa plagi ukutani, sizimi swichi tu. Ampu iliyosukwa transfoma mara moja sitaki isukwe tena.

Alama za kalamu bado zipo, ila sasa ni za rangi mbili, nyekundu ya kanisani na bluu ya chumbani, na hakuna nobu ambayo rangi hizo zinakutana. Juu ya kikopo nimebandika ratiba ya zamu za nesi, aliiandika mwenyewe nyuma ya karatasi ya kalenda. Jana asubuhi nilimkuta bombani anajaza ndoo. "Leo naingia mchana," akasema, "ukianza baada ya saa nane ni wewe na mwenye nyumba."