Maswali ya Wasomaji: Je, Bamia Huongeza Ute wa Viungo?

SWALI: Tabibu, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka 61, ninaishi Tanga. Huu ni mwaka wa pili kiuno na magoti vinaniuma, hasa ninapoinuka kitini. Nilipopigwa picha niliambiwa kwamba pingili za chini za mgongo zimesagika. Majirani wanasema ute wa viungo umekwisha, kwa hiyo nile bamia na mlenda kila siku na ninywe supu ya kongoro. Mwingine ameniletea vidonge vya glukosamini ambavyo bei yake inakaribia nusu ya pensheni yangu ya mwezi. Nifuate lipi?

JIBU: Mama yangu, shikamoo. Nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kununua, maana wengi wanaofika kwangu huwa wameshanunua.

Nianze na bamia. Ute wake ni nyuzinyuzi ambazo tumbo la binadamu haliwezi kuzimeng'enya; hupita hadi kwenye utumbo mpana, bakteria wakazichachusha, na zinazobaki zikatoka na choo. Hakuna njia inayoupeleka ute huo gotini. Ute wa gotini hutengenezwa na utando laini unaolizunguka goti lenyewe, kutokana na maji na virutubisho vinavyoletwa na damu, na kufanana kwake na ute wa bamia ni kwa macho tu. Hata hivyo usiiache bamia, kwa kuwa hulainisha choo, na yeyote mwenye kiuno kibovu ambaye amewahi kujikakamua chooni anajua kwa nini ninalitaja jambo hilo.

Kongoro nalo lina kolajeni, lakini tumbo huivunjavunja kama linavyoivunja protini ya maharage, kisha mwili ukaamua wenyewe pa kuipeleka. Kalisi nayo, yaani kalsiamu, madini yanayojenga mifupa, kwa sehemu kubwa hubaki ndani ya mfupa unaoutupa. Supu hiyo ni chakula kizuri mara mojamoja, mradi uangalie mafuta na chumvi, kwani Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi ya siku nzima isifike gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, tukijumlisha na ile iliyokwisha tiwa jikoni.

Kuhusu vidonge, mwaka 2010 watafiti wa Norwei walichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha wagonjwa 250 wenye maumivu sugu ya kiuno na pingili zilizosagika kama zako. Nusu yao walimeza miligramu 1,500 za glukosamini kila siku kwa miezi sita na nusu wakameza vidonge visivyo na dawa, na mwishoni makundi hayo mawili hayakutofautiana. Warudishie wenyewe vidonge vyao, mama.

Jambo ambalo majirani hawakulitaja ndilo linalonishughulisha zaidi. Baada ya hedhi kukoma, homoni iliyokuwa ikiilinda mifupa ya mwanamke hupungua sana, na mifupa huanza kupoteza uzito haraka kuliko inavyojengwa. Kwa umri wako unahitaji takriban miligramu 1,200 za kalisi kwa siku. Glasi moja ya maziwa au mtindi hukupa kama 300, na dagaa wanaoliwa na miiba yao ni hazina ambayo watu wa pwani tunaidharau kwa sababu ni ya bei ndogo. Mchicha una kalisi pia, lakini una asidi ya oksaliki inayoing'ang'ania isifyonzwe, hivyo ule kwa faida zake nyingine. Kwa ajili ya mifupa sukuma wiki inaushinda. Ongeza kunde, mayai au samaki katika kila mlo, kwa sababu misuli ndiyo inayoubeba mgongo na haijengwi kwa ugali mtupu. Ukae juani mikono na miguu ikiwa wazi, hata kama ni uani kwako, ili ngozi itengeneze vitamini D, ukikumbuka kwamba ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi. Kisha tembea kila siku, na ujizoeze kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono.

Picha yenyewe isikutishe mno. Watu wengi wa umri wako wasio na maumivu yoyote wangepigwa picha wangeambiwa hayohayo. Ukija kwa tabibu wa kairopraktiki kama mimi, yaani anayenyoosha pingili za mgongo kwa mikono, mwambie apime kwanza uimara wa mifupa yako, au akutume unakopimwa, kabla hajagusa pingili. Mfupa uliopungua uzito haunyooshwi kwa nguvu.

SWALI: Daktari, habari za kazi. Ni dereva wa lori, miaka 38, njia yangu ni Dar es Salaam hadi Tunduma. Kiuno kinauma na mguu wa kulia unachoma hadi unyayoni. Nimeambiwa diski zimekauka kwa sababu sinywi maji. Nikinywa lita tano kwa siku zitarudi? Na ukininyoosha mara moja, nitapona?

JIBU: Ndugu yangu, diski, yaani kile kimto kilicho kati ya pingili na pingili, haina mishipa ya damu ndani yake kwa mtu mzima. Hula kama sifongo: uzito wa mchana huikamua, usiku ukilala hufyonza maji na chakula kutoka kwenye mfupa wa jirani, ndiyo maana jioni mtu huwa mfupi kwa karibu sentimita moja kuliko alivyoamka. Mwili ambao hauna kiu hautazipeleka lita za ziada kwenye diski, utazitoa kama mkojo. Kunywa hadi mkojo uwe na rangi ya njano hafifu, basi. Kinachozilisha diski ni kujongea, kulala vya kutosha na kuacha sigara. Kwa hiyo simamisha lori, ushuke kila baada ya saa mbili, utembee dakika tano.

Chupa ya soda ya mililita 500 huwa na sukari ya gramu 50 hivi, ambayo ni zaidi ya vijiko kumi na viwili vya chai, na kitambi kinachotokana nayo huuvuta mgongo mbele kutwa nzima. Pale kwenye mizani ya malori kuna mayai ya kuchemsha, ndizi na karanga, nunua hivyo.

Mguu unaochoma hadi unyayoni ni dalili ya mshipa wa fahamu, kwa hiyo nitaupima kabla ya kufikiria kuunyoosha mgongo, na siahidi kupona kwa mara moja. Ukifa ganzi sehemu za makalio na siri, ukishindwa kuzuia mkojo, au unyayo ukilegea, nenda hospitali siku hiyohiyo. Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda vinaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho hutibiwa kwa dawa za hospitali tu.

SWALI: Je, kunyoosha pingili kunatibu kisukari na presha?

JIBU: Hapana. D. D. Palmer, aliyeianzisha fani yetu ya kairopraktiki mjini Davenport, Marekani, mwaka 1895, aliamini kwamba karibu magonjwa yote hutokana na pingili zilizohama, na wapo wanaolihubiri hilo hadi leo. Mimi simo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unautaja unyooshaji miongoni mwa njia za kusaidia maumivu sugu ya kiuno, pamoja na mazoezi, na mipaka yangu ni hiyo. Endelea na dawa zako za sukari na presha, usipunguze hata kidonge kimoja kwa sababu ya mikono yangu.