Kabla Hujaiacha Dawa ya Maumivu ya Neva, Hamisha Kwanza Saa Yake

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa simu kutoka kwa mama mmoja wa Kibaigwa, muuza mboga na nyanya gengeni. Baada ya kunisalimu alieleza kwamba ana kisukari, kwamba nyayo zake humwaka usiku kucha kana kwamba amekanyaga majivu ya moto, na kwamba kliniki walimwandikia amitriptilini, dawa ya maumivu ya neva (mishipa ya fahamu), kidonge kimoja kila usiku. Maumivu yalikuwa hayajapungua, lakini usingizi ulimfuata hadi asubuhi akashindwa kufungua genge kwa wakati, mdomo ulimkauka hata ulimi ukanata alipoongea na wateja, na choo alikikosa siku tatu mfululizo. Jirani akamwambia mumewe kwamba hizo ni dawa za Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, na mume akaamuru zitupwe. Aliniandikia akiwa ameshaziacha, akitaka kujua afanye nini sasa, kwa kuwa moto wa miguuni uko palepale.

Nilimjibu kwa kirefu, na jibu lile nimeona niliandike hapa kwa wote wanaopita njia hii, kwa sababu najua wengi wetu tunataka kitu kimoja: kuendelea na kazi zetu, kuhudumia nyumba zetu na kulala usiku bila kulia. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma, si tabibu. Ninachokifahamu nimekipata kwa kuumwa, kwa kuuliza maswali mengi kuliko ambavyo watu wa kliniki walipenda, na kwa kuandika kila kitu kwenye daftari.

Maumivu yangu yalianza na mkanda wa jeshi. Malengelenge yalinitoka upande wa kushoto tu, kuanzia chini ya titi kuzunguka hadi uti wa mgongo, katika miezi ile ya upepo wa baridi unaopeperusha vumbi la Nkuhungu hadi ndani ya vyombo. Ugonjwa huo husababishwa na kirusi kilekile cha tetekuwanga, ambacho mtu akishapona utotoni hakitoki mwilini. Hujificha kwenye mizizi ya neva na huweza kuamka miaka mingi baadaye, hasa kwa waliovuka miaka 50 au wale ambao kinga yao imeshuka. Nilipimwa virusi vya UKIMWI kama inavyopasa, sikuwa navyo, na hata hivyo minong'ono mtaani haikukoma. Hapa niseme jambo moja kwa haraka: dawa ya kupunguza makali ya kirusi hicho, asikloviri, hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele uonekane, kwa hiyo anayeona malengelenge ya upande mmoja asikae nyumbani akisubiri yakauke.

Ya kwangu yalikauka, lakini maumivu hayakuondoka. Ngozi ilionekana nzima, wakati kanga ikinigusa ubavuni nilihisi kama nakwaruzwa. Katika daladala nilikaa upande wa dirisha la kushoto na kuubana mkoba wangu pale, ili abiria asije akaniegemea. Panado na diklofenaki hazikunisaidia, na baadaye nilielezwa sababu: dawa hizo hutuliza maumivu yanayotoka kwenye jeraha au uvimbe, ilhali neva iliyoharibika hutuma taarifa ya maumivu hata pasipo jeraha. Anayeendelea kumeza diklofenaki kwa miezi akitafuta nafuu ya neva anaumiza tumbo na figo zake kwa faida ndogo mno.

Ndipo nikaandikiwa amitriptilini. Bahasha ya dawa ilikuwa na maandishi ya kalamu ya bluu, 1 × 1 usiku, na hakuna zaidi. Nikawa nakunywa saa nne usiku, ninapopanda kitandani, kama mtu yeyote angefanya. Asubuhi yake, kipindi cha kwanza cha Kidato cha Nne, nilisimama ubaoni nikiandika, na mstari ukawa unashuka kuelekea kulia bila mimi kuona. Mwanafunzi wa dawati la mbele ndiye aliyeniambia kwa sauti ndogo, "Mwalimu, andika juu." Nilishika ukingo wa ubao hadi kizunguzungu kilipopita. Haikuchukua muda mrefu mkuu wangu wa shule wakati huo akaniita ofisini na kuniuliza, mbele ya makamu wake, kama huwa nakunywa pombe usiku. Sijawahi kuonja pombe maishani mwangu. Nilimwonyesha bahasha ya dawa, akaitazama na kunirudishia bila kusema neno, na hadi leo hakuna aliyeniomba radhi. Nimesamehe kwa kuwa dini yangu inaniagiza, lakini nikipita mlango wa ofisi ile moyo bado hunikaza.

Nilirudi kwa daktari kabla ya tarehe yangu, na huo ndio uamuzi ninaojivunia kuliko yote niliyofanya katika ugonjwa huu. Sikwenda kulalamika kwamba dawa ni mbaya. Nilikwenda na daftari, ukurasa wenye safu nne zilizopigwa kwa rula: saa niliyokunywa, maumivu kati ya sifuri na kumi, usingizi wa asubuhi umekwisha saa ngapi, na mengineyo. Mstari mmoja naukumbuka ulivyosomeka: "Saa 4 usiku. Maumivu 7. Usingizi hadi saa 4 asubuhi. Mdomo mkavu, choo hakuna." Daktari aliusoma ukurasa ule wote, kisha akaniambia mambo mawili. La kwanza, nikate kidonge cha miligramu 25 na kuanza na nusu, tupandishe baadaye. La pili, ninywe saa moja jioni badala ya saa nne.

Saa tatu hizo zilinirudishia kazi yangu. Usingizi wa dawa hii una muda wake mwilini. Ukiianza mapema jioni, sehemu kubwa ya uzito huo unaumalizia kitandani badala ya darasani. Isitoshe, kwa wagonjwa wengi usingizi hupungua wenyewe baada ya wiki moja au mbili, mwili unapozoea, ilhali nafuu ya maumivu huchukua wiki kadhaa kujitokeza. Naomba msomaji alitafakari hilo, maana ndipo wengi wanapoangukia: maudhi madogo madogo hutangulia, nafuu hufuata nyuma kwa mbali. Anayeacha dawa katika wiki ya pili amelipa gharama yote na kuondoka kabla hajapewa alichokilipia.

Nikaeleweshwa pia kwamba mdomo mkavu, choo kigumu, macho kuona ukungu na mkojo kutoka kwa shida vyote vina chanzo kimoja. Amitriptilini huzuia kazi ya asetilikolini, kemikali ambayo mwili huitumia kuamuru tezi zitoe mate, utumbo usukume chakula na kibofu kijikamue. Tangu nilipolielewa hilo niliacha kuogopa kwamba nina magonjwa manne mapya. Kwa upande wa choo, sisi wa Dodoma tumebarikiwa: mlenda, ugali wa uwele, papai, maji ya kutosha na kutembea kwa miguu jioni vilinifaa kuliko dawa za kulainisha choo. Kwa mdomo, kwenye hewa yetu kavu, natembea na chupa ya maji na kunywa kidogo kidogo. Pipi na ubuyu wa sukari huleta mate, ni kweli, lakini meno yasiyooshwa na mate ya kutosha huoza haraka, na mwenye kisukari anaujua mwenyewe ubaya wa sukari. Soda ya kutuliza kiu ya dawa ni mtego mbaya zaidi.

Kuhusu Mirembe, nitasema wazi kwa sababu nimechoka. Ni hospitali ya afya ya akili inayohudumia taifa zima, iko hapahapa mjini kwetu, na watu wanaotibiwa pale ni ndugu zetu. Amitriptilini ni kweli ilianza kutumika miaka ya 1960 kama dawa ya sonona, kwa dozi ambazo mara nyingi huwa kati ya miligramu 75 na 150 kwa siku. Kwa maumivu ya neva huanzwa kwa miligramu 10 au 25 na mara nyingi haivuki 75, kwa kuwa hata kiasi hicho kidogo huongeza nguvu ya njia za uti wa mgongo zinazozuia taarifa ya maumivu isifike kwenye ubongo. Aspirini nayo hupewa mwenye ugonjwa wa moyo kwa kidonge kidogo na mwenye homa kwa kikubwa, na hakuna anayemnyooshea mwenzake kidole. Mume anayemtupia mkewe dawa kwa neno la jirani anapaswa kwanza akae naye usiku mmoja, aone anavyoshika nyayo zake akilia. Na hata kama mke wake angekuwa na sonona, angestahili dawa vilevile. Maumivu ya muda mrefu huchosha akili ya mtu yeyote, na kuliona hilo kuwa aibu ni ukatili.

Baadaye niliongezewa gabapentini, dawa nyingine ya maumivu ya neva, maana amitriptilini peke yake ilinifikisha nusu ya njia. Hiyo nayo ilikuja na kizunguzungu chake na uvimbe wa vifundo vya miguu, nami nikarudi kwenye daftari lilelile. Dozi ya usiku ikawa kubwa kuliko ya asubuhi, tukapanda polepole, na uvimbe ukapungua dozi iliposhushwa hatua moja. Mfamasia ndiye aliyegundua kwamba nilikuwa natafuna vidonge vya kiungulia vyenye magneziamu pamoja na gabapentini. Vidonge hivyo huzuia sehemu ya dawa isiingie mwilini, kwa hiyo inatakiwa vipishane kwa saa mbili. Tangu siku hiyo humwuliza mfamasia kabla sijameza chochote kipya. Nawasihi nanyi mfanye hivyo, hasa kwa tramadoli, dawa kali ya maumivu ambayo baadhi ya watu huipata kwa njia za pembeni: ikichanganywa na amitriptilini inaweza kuleta degedege. Mvinyo na pombe nyingine yoyote huuzidisha usingizi wa dawa hizi hadi kuwa hatari.

Kuhamisha saa na kupunguza dozi hakutoshi kwa kila jambo. Mkojo ukigoma kabisa, moyo ukidunda ovyo au mtu akizimia, jicho likiuma ghafla na kuwa jekundu, akichanganyikiwa, au yakimjia mawazo ya kujidhuru, aende hospitali siku hiyohiyo. Wanaotumia karbamazepini, ambayo hupewa zaidi wenye maumivu makali ya neva ya uso, wakiona upele au malengelenge mdomoni wasisubiri hata usiku mmoja. Tena dawa hizi zikitakiwa kuachwa hupunguzwa hatua kwa hatua. Kuzikatisha ghafla huleta kukosa usingizi, jasho, kichefuchefu na wasiwasi, na mtu hudhani ugonjwa umezidi. Madhara makubwa yaripotiwe pia TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo hupokea taarifa kutoka kwa wahudumu wa afya na kwa wagonjwa wenyewe. Ni haki yetu, na tukinyamaza tunawaumiza wanaokuja nyuma yetu.

Leo nimo darasani. Kidato cha Nne cha mwaka ule wa mateso walimaliza mada zao zote, na baadhi yao hunisalimu barabarani wakiwa watu wazima wenye kazi zao. Maumivu yangu hayajaisha. Hukaa kwenye mbili au tatu, na siku za upepo wa baridi hupanda. Naamini kwa moyo wangu wote kwamba ningekuwa nimeshastaafu kwa ugonjwa kama ningezitupa dawa katika wiki ile ya pili, na ndiyo maana nasema kwa ukali: usiamue peke yako, usimwachie jirani akuamulie, na usiende kliniki mikono mitupu.

Kwa dada yangu wa Kibaigwa, niliyomwandikia nayarudia hapa. Usizianze tena mwenyewe pale ulipoishia. Rudi kliniki ukaseme wazi kwamba umeziacha na kwa nini. Waulize kama unaweza kuanza na nusu kidonge, ukanywa saa moja jioni baada ya kufunga genge. Waambie kama una tatizo lolote la moyo au presha ya macho, kwa sababu amitriptilini huenda isikufae. Wakitaka kukupa gabapentini, waombe wapime figo kwanza, maana dozi yake hupangwa kwa nguvu ya figo na kisukari huzidhoofisha. Kama umetumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi, uliza pia kuhusu kipimo cha vitamini B12, kwani dawa hiyo huweza kuishusha, na upungufu wake peke yake huleta ganzi na kuwaka moto miguuni. Usiku ukienda chooni, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda hadi kichwa kitulie ndipo usimame. Kagua nyayo kila jioni kwa kioo, au mwambie mumeo akutazamie, kwa sababu mguu wenye ganzi hauhisi mwiba. Na mchukue huyo mumeo mwende naye, akasikie maelezo ya dawa kutoka kwa daktari mwenyewe.