GPA yangu ni 3.1. Niombe uzamili au niache?

*Shikamoo Mwalimu. Nilimaliza shahada ya sayansi ya kompyuta mwaka 2022 nikiwa na GPA ya 3.1 kati ya 5.0. Nikiwa mwaka wa pili baba aliugua, nikawa nashinda hospitali. Nikapata sapu (mtihani wa marudio) ya aljebra mstari na C ya takwimu. Mwaka wa mwisho nilipata B+ nyingi. Sasa natengeneza mifumo ya malipo ya simu kwenye kampuni ndogo. Natamani uzamili wa akili unde (AI), hasa upande wa lugha zetu. Wenzangu wanasema bila daraja la kwanza nitapoteza ada za maombi bure. Ni kweli?*
*Msomaji, Kijitonyama, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu. Si kweli, na huniuma kijana akikatishwa tamaa na watu ambao hawajawahi kuketi kwenye kamati ya udahili. Mimi nimeketi. Swali tunalojiuliza mezani ni moja: huyu atazimudu hesabu za muhula wa kwanza? Kwa hiyo kinachokuangusha ni ile sapu kuliko hiyo 3.1.

Basi tibu hapo hapo. Soma aljebra mstari na takwimu upya katika kozi yenye mtihani na alama rasmi, hata ya mtandaoni, upate A. Alama mpya ya somo lile lile ina uzito kuliko kurasa mbili za kujieleza. Ugonjwa wa baba utaje kwa sentensi mbili kwenye barua yako, kisha uende kwenye kazi ulizofanya.

Na kazi ziwepo. Kwa kuwa unapenda lugha, jiunge na Masakhane, jumuiya ya watafiti wa Kiafrika wanaoshughulikia lugha zetu kwenye kompyuta. Inapokea wanaojitolea bila kuuliza GPA. Ukifanya kazi humo kwa miezi kadhaa, utapata mtafiti anayeweza kukuandikia barua akieleza ulichokifanya. Barua inayosema tu “alikuwa mwanafunzi mwenye nidhamu” haisaidii kitu. Nimezisoma nyingi mno.

Kuhusu wapi pa kuomba, piga hesabu kabla ya kulipa. Vyuo vingi vya Ujerumani hugeuza alama za nje kuwa za kwao kwa kanuni ya Bavaria: 5.0 toa GPA yako, gawanya kwa 3 (yaani 5.0 toa 2.0 ya kufaulu), zidisha kwa 3, ongeza 1. Wewe unapata 2.9, na kwao 1.0 ndiyo bora. Kozi inayotaka 2.5 iache. Tafuta zisizoweka kikomo, zinazopima zaidi kama masomo uliyosoma yanalingana na yao. Vyuo vya umma huko vingi havitozi ada ya masomo, ila kwa viza utadaiwa kuonyesha fedha za kujikimu mwaka mzima, zaidi ya euro 11,000.

Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kina uzamili wa sayansi ya kompyuta kupitia Coursera usioomba transkripti (hati ya matokeo yako ya chuo) kabisa. Unalipia na kusoma kozi chache za mwanzo, na ukifikisha wastani wa 3.0 kati ya 4.0 unaingia. Kwa mtu mwenye historia kama yako, na mwenye mshahara, huo ni mlango wa haki.

Karibu na nyumbani kuna taasisi ya sayansi na teknolojia ya Nelson Mandela kule Arusha, na tawi la Carnegie Mellon, chuo kikuu cha Marekani, pale Kigali, ambako Mastercard Foundation imekuwa ikifadhili wanafunzi. Kigali ushindani ni mkali. Omba, lakini pasiwe pekee.

Jambo jingine: usiigeuze GPA yako mwenyewe kuwa ya kipimo cha 4.0. Andika 3.1/5.0 kama ilivyo kwenye transkripti, isipokuwa chuo kikikupa kanuni yake. Ukiandika 3.1 tupu, atakayeisoma Marekani ataiona kubwa kuliko ilivyo, na siku transkripti ikifunguliwa utaonekana mdanganyifu.

Maombi mengi ya Marekani hufungwa Desemba. Mhadhiri aliyesimamia mradi wako wa mwaka wa mwisho mtafute sasa, umpelekee ripoti ile ya mradi, maana tangu 2022 amesimamia wengi.