Mwambie Daktari Kwamba Hulali

Baada ya dripu ya pili ya tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, nilikaa siku tatu bila kupata hata lepe la usingizi. Saa nane za usiku nilikuwa nagaagaa, namsikiliza mume wangu akihema, na kuhesabu saa zilizobaki kabla hakujakucha. Nikajiambia ni hofu ya saratani tu, na mwenye hofu atalalaje?

Hofu ilikuwepo kweli. Ila muuguzi aliponikuta nasinzia kwenye benchi aliniuliza swali ambalo sikulitarajia: vile vidonge vya deksamethasoni unavimeza saa ngapi? Cha pili nilikuwa nakimeza saa mbili usiku, baada ya kula. Akanieleza kwamba ni dawa ya jamii ya steroidi, inayotuzuia kutapika, na kwamba kwa watu wengi hufukuza usingizi. Alizungumza na daktari, na kwenye mzunguko uliofuata wa tibakemikali dozi ya pili nikahamishiwa saa saba mchana. Usiku ule nililala saa nne mfululizo. Nilipoamka nikalia kwa shukrani.

Tafadhali usijibadilishie saa za dawa mwenyewe. Uliza. Tunataja homa, tunataja vidole kufa ganzi, lakini usingizi tunaunyamazia kana kwamba kukesha ni sehemu ya ugonjwa tunayopaswa kuivumilia. Si hivyo. Kama ni maumivu yanayokuamsha, andika saa yanapoanza, maana huenda dawa yako inaisha nguvu kabla ya alfajiri na daktari anaweza kuipanga upya. Kama ni joto la ghafla na jasho, na unatumia tamoksifeni, dawa ya homoni ya saratani ya matiti, sema pia.

Jambo la pili lilinichukua muda kulikubali. Nilikuwa nashinda kitandani: nakula hapo, napokea wageni hapo, nasoma habari za ugonjwa wangu kwenye simu hapo hapo. Kitanda kikawa mahali pa kuhangaikia. Sasa nikiona kama dakika 20 zimepita na bado niko macho, naondoka. Naenda kwenye kiti, nawasha taa hafifu, nakunja soksi za watoto, moja na mwenzake, taratibu. Kope zikianza kuwa nzito narudi. Siku za mwanzo niliamka mara tatu au nne kwa usiku na nikaona ni mateso matupu, lakini baada ya wiki chache kitanda kilianza kuniletea usingizi tena.

Mchana najilaza nusu saa tu, kabla ya saa tisa alasiri, isipokuwa siku ya dripu. Siku hiyo mwili ukitaka kulala naulaza. Asubuhi natembea nje polepole dakika kumi au kumi na tano nipate mwanga. Kahawa naishia asubuhi.

Bado kuna usiku ambao hakuna mbinu inayofaa. Usiku wa kuamkia majibu ya CT, kile kipimo cha picha za ndani ya mwili, nilijua sitalala, kwa hiyo nilimwomba dada yangu aje alale kwetu. Saa tisa alinikuta kwenye kiti. Hakuniambia nijikaze. Alivuta kapu la soksi katikati yetu, tukakunja wote mpaka kukapambazuka.