Kurusha video za kompyuta kwenye runinga bila kula bando

Mama alitaka kuona video ya harusi ya mdogo wangu kwenye runinga ya sebuleni. Faili lilikuwa la GB 6, limo kwenye kompyuta yangu. Nikachomeka flashi ya GB 32, ikagoma kunakili. Flashi nyingi huja na mfumo wa FAT32, usiopokea faili moja linalozidi GB 4. Nikaamua kupitisha kwenye Wi-Fi ya nyumbani.

Niwatoe hofu kwanza: hii haili bando. Video inatoka kwenye kompyuta, inapita kwenye ruta, inaingia kwenye runinga. Haitoki nje ya nyumba. Hata kama bando liliisha jana, mradi ruta ina umeme, mtatazama.

Kwenye Windows nilitafuta "media streaming options", yaani huduma ya kurusha video na picha kwenye vifaa vingine vya nyumbani, nikaiwasha, nikaweka video kwenye folda ya Videos. Dakika mbili tu. Kufungua runinga, kompyuta haionekani. Nilihangaika jioni nzima, nikizima na kuwasha kila kitu, hadi Mama akaenda kulala.

Makosa yalikuwa mawili. Siku nilipoiunganisha kompyuta na Wi-Fi yetu, niliiacha kwenye "Public". Hapo Windows hudhani uko hotelini, na huificha kompyuta yako isionwe na vifaa vingine. Ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi, bonyeza jina la mtandao wako, chagua "Private". Fanya hivyo kwenye mtandao unaouamini tu, tafadhali, si kwenye Wi-Fi ya mgahawani.

Kosa la pili ndilo lililonichosha. Runinga ilikuwa kwenye mtandao wa wageni, ule wenye nywila rahisi. Ruta nyingi huwatenga wageni: intaneti wanapata, vifaa vya wenyeji hawavioni. Niligundua nilipolinganisha anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha kila kifaa kwenye mtandao. Ya kompyuta ilianza na 192.168.1, ya runinga 192.168.2: dalili kwamba ziko kwenye mitandao tofauti. Nikaihamishia runinga kwenye mtandao mkuu, na jina la kompyuta likatokea papo hapo.

Kama mnachangia Wi-Fi na wapangaji wenzako, hapa usipite haraka. Ukiwasha huduma hii, picha na video za familia yako zinaweza kufunguka kwenye runinga ya jirani. Ukurasa ule wa "media streaming options" una orodha ya vifaa. Zuia vyote, kisha ruhusu runinga yako peke yake. Binafsi nilitoa pia picha za watoto kwenye folda ya Pictures.

Jumapili Mama alikaa kwenye kochi na shangazi zangu wawili. Video ilikatika mara moja tu: kompyuta ilikuwa inatumia betri, ikalala. Niliichomeka kwenye umeme, na Mama akaniomba nirudishe pale bibi harusi anapoingia ukumbini.