Kozi za serikali na historia katika vyuo vikuu vya umma vya Texas: kwa nini hata asiye raia anazisoma, na azisome vipi

Ndugu mleta mada, umeuliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini mdogo wako, anayekwenda kusoma uhandisi katika chuo kikuu cha umma huko Texas kwa viza ya mwanafunzi, amepangiwa kozi mbili za serikali na mbili za historia ya Marekani, ilhali hatapiga kura. La pili, kama si afadhali atafute chuo Florida, ambako umesikia kwamba jambo hilo linamalizwa kwa mtihani mmoja tu. Shahada yangu ya kwanza niliisomea katika chuo cha umma Texas, nikiwa nimetoka Tanzania kwa viza kama yake, na bado naishi huko. Kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyapitia mwenyewe.

Kozi hizo hazikubuniwa na chuo ili kuongeza ada, kama baadhi ya wachangiaji wa mada hii walivyodai. Ni sheria ya elimu ya jimbo, ambayo inakataza chuo cha umma kumpa mtu shahada ya kwanza kabla hajapata krediti sita (yaani kozi mbili za krediti tatu tatu) za masomo ya serikali, zikihusu Katiba ya Marekani na katiba za majimbo kwa mkazo maalumu juu ya ile ya Texas, pamoja na krediti nyingine sita za historia ya Marekani, ambazo tatu kati yake zinaweza kuwa za historia ya Texas. Sheria haimtofautishi raia na mgeni, wala mhandisi na mwanasheria. Katika vyuo kadhaa atazikuta kwa majina ya GOVT 2305 (serikali ya shirikisho), GOVT 2306 (serikali ya Texas), HIST 1301 na HIST 1302 (historia ya Marekani), nazo ni krediti 12 kati ya zile 42 za masomo ya msingi ambazo kila mwanafunzi wa shahada anazibeba.

Kuhusu Florida, ulichosikia kilikuwa kweli zamani kidogo. Sheria ya mwaka 2017 iliwaruhusu wanafunzi walioanza masomo kuanzia 2018/19 kuchagua kati ya kozi na mtihani, lakini kwa walioanza 2021/22 na kuendelea vyote viwili vinatakiwa: kozi, ambayo kwa wengi ni ya serikali ya Marekani au ya historia ya nchi hiyo tangu 1877, na mtihani wenye maswali 80 ya kuchagua jibu, ambapo mtahiniwa anatakiwa kupata angalau 48. Mtihani huo unagusa misingi ya demokrasia ya Marekani, Katiba, nyaraka za waasisi, na zile kesi za Mahakama ya Juu ya Marekani na sheria zilizobadilisha mwelekeo wa nchi. South Carolina nayo, kwa sheria ya 2021, inataka krediti tatu ambamo mwanafunzi asome Katiba nzima, Azimio la Uhuru, Tangazo la Kuwakomboa Watumwa, angalau makala matano ya wale waliotetea Katiba ilipokuwa inajadiliwa, na andiko moja au zaidi la msingi la mapambano ya Wamarekani Weusi. Kwa hiyo kuhama jimbo kwa ajili ya kukwepa hakutamsaidia sana.

Sasa niseme ninachokiamini. Sharti hili ni zuri, na sehemu yake iliyo bora ni ile ambayo wanafunzi wengi huidharau, yaani GOVT 2306, serikali ya Texas. Sisi tuliosoma Tanzania tumekwisha kulishwa maana za dola, utawala bora na mgawanyo wa madaraka tangu somo la Uraia hadi General Studies ya kidato cha tano na cha sita, na wengi wetu tulizikariri, tukazimwaga kwenye karatasi ya mtihani, tukasahau. Kozi ya serikali ya shirikisho inaweza kusomwa kwa mtindo uleule na mtu akapata A. Hofu yangu juu ya mtihani wa Florida ni hiyohiyo: maswali 80 ya kuchagua jibu yanaweza kuthibitisha kwamba mtu anajua Katiba inasema nini kuhusu Seneti, lakini hayawezi kuonyesha kama mtu huyo anajua aende ofisi gani maji ya mvua yanapoingia nyumbani kwake kwa sababu mtaro wa barabara umeziba.

Serikali ya Texas haikaririki kirahisi namna hiyo, kwa sababu majina yake hayalingani na kazi zake. Jaji wa kaunti ndiye mwenyekiti wa chombo kinachoitwa Mahakama ya Makamishna, na chombo hicho hakihukumu kesi. Kinapitisha bajeti ya kaunti na kushughulikia barabara. Tume ya Reli, ambayo makamishna wake watatu huchaguliwa kwa kura, inasimamia mafuta na gesi, na mambo ya reli iliyaacha kabisa mwaka 2005. Bunge la jimbo hukutana katika miaka isiyogawanyika kwa mbili, kwa siku zisizozidi 140, isipokuwa gavana aliite kwa kikao maalumu. Katiba yenyewe ni ya 1876 na imekwisha kurekebishwa zaidi ya mara 500. Mwanafunzi akilazimika kuuliza kwa nini mambo yako hivi, anafika kwenye kizazi kilichotoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani na kipindi cha kuiunganisha upya nchi kilichofuata, kikaogopa gavana mwenye nguvu, kikagawa madaraka kwa maofisa wengi wanaochaguliwa kila mmoja peke yake. Hapo ndipo historia ya HIST 1302 na serikali ya GOVT 2306 zinapokutana, na nilifurahi sana zilipokutana kichwani mwangu.

Mhadhiri wangu alitutaka kila mmoja ahudhurie kikao cha wazi cha chombo cha umma na kuandika ripoti: ajenda ilibandikwa lini, nani alizungumza, hoja ipi ilipigiwa kura. Hiyo ndiyo kazi iliyonifaa kuliko mitihani yote ya kozi ile. Miaka kadhaa baadaye, mama mmoja Mkongomani wa mtaani kwetu, aliyeingia Marekani kama mkimbizi, aliniomba nimsindikize kwenye kikao cha halmashauri ya mji, kwa sababu watoto walikuwa wanavuka barabara kubwa kwenda shule bila alama yoyote ya kivuko. Tulijiandikisha kwenye karatasi ya wazungumzaji mlangoni. Tulipofika kwenye kipaza sauti tukaambiwa tuna dakika tatu, mimi nikitafsiri. Nilimweleza mwenyekiti kwa heshima kwamba sheria ya mikutano ya wazi ya Texas inamtaka ampe anayezungumza kupitia mkalimani angalau mara mbili ya muda wa wengine, pale ambapo hakuna vifaa vya kutafsiri papo kwa papo. Akamgeukia mwanasheria wa mji, wakanong'onezana, saa ikarudishwa kwenye dakika sita. Mama alizungumza kwa Kiswahili cha Bukavu, akataja barabara, akataja saa ambazo watoto hupita, akakaa. Kivuko kilichukua muda mrefu kuchorwa, lakini suala liliingia kwenye kumbukumbu za kikao siku ileile.

Mama yule hakuwa raia, nami wakati huo sikuwa raia. Haki ya kusema mbele ya halmashauri, ya kuomba nyaraka za umma, au ya kumdai mwenye nyumba arejeshe amana ndani ya siku 30 baada ya mpangaji kuhama na kumpa kwa maandishi anwani yake mpya, haitegemei kupiga kura. Madai ya amana ya namna hiyo, kama hayazidi dola 20,000, yanapelekwa kwa hakimu wa amani, yaani hakimu wa kesi ndogondogo, na mtu anaweza kuyapeleka bila wakili.

Kuna na upande wa hatari, ambao peke yake unatosha kumfanya mdogo wako azingatie kozi hizi. Akienda kuomba leseni ya udereva anaweza kuulizwa kama anataka kujiandikisha kupiga kura, na asiye raia anapaswa kujibu hapana. Kujitangaza kuwa raia kwa uongo, au kupiga kura kinyume cha sheria, kunaweza kumfukuzisha nchini na kumfungia njia ya ukazi wa kudumu. Najua vijana waliodhani ni fomu ya kawaida tu.

Kwa upangaji, ningemshauri achukue GOVT 2305 muhula wa kwanza au wa pili, kisha GOVT 2306 darasani ana kwa ana, asiisogeze hadi mwaka wa mwisho kama wanavyofanya wahandisi wengi. Nimemwona mtu mwenye ajira mkononi akicheleweshwa kuhitimu kwa krediti tatu hizo. Mwenye viza ya F-1, yaani hiyo ya mwanafunzi, anatakiwa kuwa na angalau krediti 12 kwa muhula, na kozi moja tu ya mtandaoni ndiyo inayohesabiwa humo, kwa hiyo asizirundike hizi mtandaoni kwa kuona ni nyepesi. Anaweza kuzisoma kwa bei nafuu katika chuo cha jamii (chuo cha umma cha miaka miwili) wakati wa kiangazi, kwa kuwa namba hizo za kozi zinatambulika katika vyuo vya umma vya Texas, lakini kwanza azungumze na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo chake. Mtihani wa CLEP (wa kupata krediti bila kuisoma kozi) wa serikali ya Marekani, pale chuo kinapoukubali, hufidia kozi ya shirikisho. Haugusi Katiba ya Texas. Na kabla ya kujisajili aombe mpango wa kozi wa kila mhadhiri, achague yule anayewatuma wanafunzi kwenye vikao.