Jumong, Seondeok au Dae Jang Geum? Mtazame adui kwanza

Ubishi wa tamthilia za kihistoria za Korea huenda hivi: mmoja anaapa Jumong ndiyo baba lao, wa pili anasema Dae Jang Geum haina mpinzani, wa tatu anaingia na Queen Seondeok. Ukiwasikiliza vizuri, kila mtu ana mizani yake. Wa Jumong anahesabu mapigano, wa Jang Geum anahesabu machozi, wa Seondeok anahesabu hila. Hapo mtabishana mpaka kuche.

Kwanza hakikisheni mmetazama kitu kimoja. Kwao Korea kazi hizi hazikurushwa kwa sizoni. Jumong ni hadithi moja ya sehemu 81, iliyorushwa na kituo cha MBC kila Jumatatu na Jumanne kuanzia Mei 2006 hadi Machi 2007. Hizo sizoni ni mgawanyo wa wauza CD na wanaojaza flashi. Ukisema "sizoni ya tatu imepooza", yako huenda imeishia sehemu ya 40 na ya mwenzako ya 30. Taja namba ya sehemu, na kama mafaili yamekatwakatwa, taja tukio: pale steringi anapokwenda kuutafuta mlima wa chumvi, pale anapokutana na kipofu Hae Mo-su pangoni.

Na kopi yenye sauti ya mtafsiri mmoja juu ya wahusika wote usiiweke kwenye mzani mmoja na yenye maandishi chini. Mtafsiri hodari anaweza kuibeba tamthilia dhaifu, lakini anafunika muziki, pumzi na kimya. Jumong inastahimili, maana upanga hauhitaji tafsiri. Dae Jang Geum inaumia sana. Vyeo navyo hupotea. Msikilizaji wa Kiswahili hucheka akisikia mfalme mwenye ndevu akiitwa "mama": Kikorea cha ikulu, *mama* ni neno la kumtukuza mtu wa ukoo wa kifalme, awe mume au mke. Vilevile *jeonha* na *pyeha* vyote hugeuzwa "mfalme", ilhali *pyeha* ni cheo cha kaizari. Mtawala akianza kuitwa hivyo, nchi yake inajitangaza kuwa haiko chini ya mtu. Tafsiri ikikosa hilo, umekosa nusu ya siasa.

Sasa mizani yenyewe. Tamthilia ya sehemu 16 inaweza kubebwa na sura nzuri na mapenzi. Ya sehemu 50 na kuendelea inabebwa na adui. Jiulize maswali matatu tu: adui anataka nini, ana haki kiasi gani machoni pake mwenyewe, na akiondoka nani anashika nafasi yake?

Queen Seondeok ya mwaka 2009 ndiyo darasa zuri kuliko zote, kwa uzuri wake na kwa kosa lake. Adui ni Mishil, aliyeigizwa na Go Hyun-jung; hapigi kelele wala hatoi macho. Ana nguvu kwa sababu anajua kalenda na mambo ya angani kuliko watu wake, na anawaachia waamini kwamba anaongea na mbingu. Deokman, binti atakayekuwa malkia Seondeok, anapotaka elimu hiyo iwe ya watu wote, hapo hawagombani viti, wanagombana juu ya namna ya kutawala. Ndiyo maana mazungumzo ya wanawake wawili waliokaa chini yanatisha kuliko vita. Halafu Mishil anakufa sehemu ya 50, na kazi ina sehemu 62. Bidam, mwana wa Mishil, anasukumwa kuziba pengo, lakini hasira yake ni ya mapenzi na kutiliwa shaka, haina mpango wa nchi. Sehemu 12 za mwisho hazijaharibika. Zimepungukiwa uzito tu, na mtazamaji anahisi hivyo hata asipojua sababu.

Linganisha na Taejo Wang Geon ya kituo cha KBS, sehemu 200, kati ya mwaka 2000 na 2002. Gung Ye, mfalme wa jicho moja, anadai anasoma mioyo ya watu. Baraza likiwa kimya kabisa, mtu mmoja anakohoa, na mfalme anauliza ni nani aliyekohoa. Kikohozi hicho kinamgharimu mtu maisha. Gung Ye naye anaondoka kabla ya mwisho, ila waandishi walikuwa wameshamlea adui wa pili, Gyeon Hwon, tangu mbali. Anapobaki peke yake si mgeni. Dae Jo-yeong (2006 hadi 2007, sehemu 134) ilitumia njia nyingine: adui mmoja, Yi Hae-go, anamwandama shujaa muda mrefu mno, na hadithi inatoka kuanguka kwa ufalme wa Goguryeo mwaka 668 mpaka kuzaliwa kwa ufalme wa Balhae mwaka 698.

Dae Jang Geum ina dawa yake. Waandishi waliposhiba jikoni mwa ikulu, walimbadilishia steringi kazi. Karibu na katikati ya sehemu 54, Bibi Han, mwalimu wake wa upishi, anakufa, Jang Geum anapelekwa kisiwa cha Jeju, na mapishi yanageuka kuwa tiba. Maadui ni walewale, uwanja ni mpya. Na jikoni penyewe paliandikwa kwa makini. Bibi Han anamwagiza mtoto Jang Geum maji ya kunywa, anamrudisha, siku baada ya siku, bila kumwambia kosa. Mpaka siku mtoto anapouliza: tumbo linauma? koo je? Kisha analeta maji yanayomfaa mnywaji. Somo la upishi lote limo humo, na miaka mingi baadaye ndilo somo la uganga. Tamthilia inayopanda mbegu hivyo na kuja kuivuna ina waandishi wanaojua wanakokwenda.

Jumong je? Theluthi ya kwanza ni tamu kweli: mwanamfalme mwoga anafundishwa upanga na yule kipofu Hae Mo-su, aliyefungwa pangoni, na wote wawili hawajui kwamba ni baba na mwana. Habari ya chuma pia ni nzuri, maana fundi Mopalmo anahangaika kufua panga zitakazohimili zile za Han, himaya ya China, na hapo unaelewa kwa nini himaya inashinda. Udhaifu ni mzunguko. Dae-so, mwana mkubwa wa mfalme na adui wa Jumong, anapanga hila, inashindikana, anasamehewa au anaponyoka, anapanga nyingine. Na vita vyake, hesabu askari wanaoonekana kwa wakati mmoja, uniambie kama jeshi hilo linaangusha dola.

Sababu kubwa ya mzunguko ni kurefushwa. Tamthilia ikipendwa, kituo huomba sehemu za nyongeza huku upigaji picha ukiendelea. Jumong ilipangwa sehemu 60, ikafika 81, nyongeza ya asilimia 35. Yi San ilitoka 60 ikafika 77. Seondeok na Dong Yi zote zilipangwa 50, zikaishia 62 na 60. Dae Jang Geum iliongezwa nne tu, nayo ndiyo iliyobaki imekaza kuliko zote hizo. Sehemu mbili za saa nzima kila wiki ni mzigo: hati zinafika zimechelewa, waigizaji hawalali, mhariri anajaza dakika kwa kumbukumbu ulizokwisha kuziona.

Utayatambua maji kwenye mchuzi hivi. Habari moja inasimuliwa mara tatu: mtumishi anamwambia waziri, waziri anamwambia malkia, malkia anashtuka, kila mmoja na muziki wake. Ukiona hivyo zaidi ya mara mbili ndani ya saa moja, sehemu hiyo ina chakula cha dakika 20.

Kwa hiyo usihukumu kwa sehemu ya kwanza. Huko fedha humwagwa, farasi ni wengi na picha zimepigwa bila haraka. Tazama sita za mwanzo, maana utoto wa steringi huishia humo au karibu, kisha ulinganishe na sehemu mbili za katikati na nne za mwisho. Kama lengo ni kulinganisha tu, sehemu 12 kwa kila kazi zinatosha, na utajua mwisho mapema, hilo halikwepeki. Ukitaka kumaliza kwa sehemu mbili kila usiku, Dae Jang Geum ni siku 27, Jumong 41, Dae Jo-yeong 67, Wang Geon 100.

Hoja ya "ipi ni ya kweli" isiwapotezee muda. Jang Geum halisi ametajwa mara chache tu katika kumbukumbu za enzi ya mfalme Jungjong. Jumong ni mwanzilishi wa Goguryeo, mwaka 37 KK, na kitabu cha Samguk Sagi kinachomsimulia kiliandikwa mwaka 1145. Mishil anatoka kwenye andiko ambalo wanahistoria wanabishania uhalali wake. Watu wa miaka ya baadaye ya ufalme wa Joseon wana kumbukumbu nyingi zaidi, na hapo kuna raha ya pekee: anza na Dong Yi, uende Yi San. Mtoto anayezaliwa na Dong Yi ndiye yule mfalme mzee mkali wa Yi San, Yeongjo, aliyemfungia mwanawe Sado ndani ya sanduku la mchele mwaka 1762 mpaka akafa. Ukishamwona akinyonya, mwanzo wa Yi San haukaliki.